Daftari la Makosa la Mama Masjala

Mama Masjala alikuwa na namna ya kuanza kazi iliyonichosha roho miezi yangu yote ya mwanzo pale ofisini: alikuwa hafanyi kitu. Fomu imefunguka tupu, mwanachama kasimama mlangoni kofia mkononi, mimi vidole vinaniwasha nibonyeze chochote, na yeye anavuta kiti, anakaa, anaweka mikono mapajani na kuitazama kompyuta. Ukinyoosha mkono kwenye kipanya anaupiga kofi jepesi. "Usiguse. Kwanza tuone inasema nini." Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu, cheti hata vumbi hakijapata, na nilipomwona mtu mzima akikodolea macho skrini dakika kumi nzima nilidhani anaiogopa mashine. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa anaisoma.

Masjala yenyewe ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Chemchem, Tabora mjini, katika ofisi ya chama cha wafugaji wa nyuki. Madirisha mawili, rafu za majalada hadi darini, kaunta iliyochakaa kwa viwiko vya watu. Kila mwenye mizinga msituni, awe wa Uyui, Sikonge, Urambo au Nzega, jalada lake lilikuwa mle, na kila jalada lilikuwa pia kichwani mwa Mama. Hakuna aliyemwita kwa jina. Mwenyekiti mwenyewe alimwita Mama Masjala, na hata barua kutoka nje zilikuja hivyo, nazo zikafika.

Kompyuta ilipoletwa, kitu cha kwanza alichoifanyia ni kuifumia kitambaa. Cheupe, chenye maua pembeni, kama kile cha kufunikia redio enzi zile. Nilicheka. Akaniambia nicheke vizuri, lakini jioni nikiondoka bila kuifunika tutaonana wabaya. Kwenye masjala ilikuwa marufuku kula, na tangazo aliliandika kwa mkono wake na kulipiga mhuri. Siku moja nikitafuta gundi nikavuta droo iliyoandikwa "Barua Zisizojibiwa" na kukuta imejaa matobolwa, viazi vile vitamu vya kuchemsha na kuanika, vimefungwa kwenye kitambaa safi. Aliniangalia, nikamwangalia. "Hizo nazo hazijajibiwa," akasema, akanipa kimoja.

Jingine ambalo watu wa nje hawakuliamini: miaka yote ile ya kuwatumikia wafugaji wa nyuki, Mama aliogopa nyuki kupita maelezo. Nyuki mmoja akipotea njia na kuingia dirishani, Mama alikuwa nje uani kabla sisi hatujasikia mlio. Asali yenyewe hakuigusa. Wanachama walimletea vidumu na vidumu, naye akavigawa vyote, kisha akatia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai yake.

Salamu zake zilikuwa ndefu. Mzee anaingia, "Mwangaluka, mayo," yaani umeamkaje mama, na Mama anaitikia, kisha inaanza safari ya Kinyamwezi: za nyumbani, za watoto, mvua imefika wapi, yule ng'ombe aliyevunjika mguu. Mimi nipo pembeni nimeshafungua fomu, nimeshachoka, nimeshaifunga. Siku moja nilimwambia kwa ujeuri wangu kwamba tungehudumia watu mara mbili zaidi kama salamu zingepungua. Hakukasirika. Alingoja yule mzee aondoke, akanivutia skrini. "Amesema mkewe anaumwa tangu mavuno. Fomu yako inasema hana mke. Nani mwongo, yeye au fomu?" Nikaangalia. Fomu ilikuwa imekosea. Tangu siku hiyo nilinyamaza watu wakisalimiana, na taratibu nikagundua kwamba mtu akimaliza salamu na Mama, robo tatu ya fomu yake imeshajaa.

Hizo fomu nilizitengeneza mimi, na hapa lazima nieleze kidogo kwa ajili ya asiyezijua. Zilikuwa mbili, moja ndani ya nyingine. Ya juu ilikuwa ya mwanachama: jina, kijiji, simu, picha. Ndani yake, chini, kulikuwa na fomu ndogo ya mizinga: kila mzinga na mstari wake, ni wa gome au wa gogo, uko mti gani, kambi ipi. Ukimfungua mwanachama, mizinga yake inatakiwa ije yenyewe na kujipanga chini yake. Ili ije, lazima pawe na kitu kimoja kilichoandikwa sawasawa juu na chini, ndicho kinachozifunga hizo fomu mbili. Mimi nilizifunga kwa jina la mtu.

Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Rejesta ya zamani ya karatasi, ile ambayo Mama aliijaza kwa miaka, ilikuwa na safu moja pana ambayo haikuwa na maandishi, ilikuwa na michoro. Mguu wa kuku. Mikato mitatu na duara. Mwezi mchanga. Kwetu huku mfugaji hapandishi mzinga mtini bila kuukata alama yake kwa panga au kisu, na mizinga ya ukoo mmoja ina alama moja. Mrithi akirithi, anaongeza mkato wake ubavuni. Nilipokuwa natengeneza fomu, Mama aliinama juu ya bega langu akauliza, "Na alama utaziweka wapi?" Nikacheka tena. Nilikuwa mwepesi wa kucheka siku hizo. Nikamwambia kompyuta haijui kuandika mguu wa kuku, na kwamba jina linatosha, dunia nzima watu wanajulikana kwa majina. Akasema "Haya," akarudi mezani kwake.

Niseme pia alivyojifunza, maana hadi leo linanishangaza. Aliniomba nimchapishie mwongozo wote wa ile programu, kurasa na kurasa za Kiingereza. Nikamchapishia ili aniache nipumue. Akawa anaenda nao nyumbani kwenye kikapu, pamoja na kamusi iliyong'oka jalada, na asubuhi anarudi na swali. Moja tu kwa siku. Mwezi wa kwanza maswali yake niliyajibu huku nikiendelea na kazi. Mwezi wa pili ilibidi niache kazi ndipo nijibu. Mwezi wa tatu aliniuliza ni nini kinatokea kwa mistari ya chini pale mtu wa juu anapobadilishwa, na nikamwambia aache kujiumiza kichwa, haitokei. Aliandika kwa vidole viwili na hakuwahi kuongeza cha tatu. Fomu ya juu aliiita mama, ya chini akaiita mtoto, na wote pale ofisini tukaishia kuziita hivyo.

Kitu alichokipenda kuliko mhuri wake kilikuwa daftari la makosa. Daftari kubwa la kaunta, jalada gumu, safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, kilichoonekana, kilichoguswa, sababu. Kila hitilafu ya mfumo iliingia humo, hata ndogo. Na sheria yake ilikuwa moja: safu ya sababu haijazwi kwa kubahatisha. Kama hujui, unaiacha wazi, hata mwaka. Printa iliwahi kukataa kuchapa, ikaja kupona yenyewe, nami nikataka aandike "umeme". Akakataa. Nafasi ikakaa wazi miezi minne, mpaka tulipoifungua printa kwa ajili nyingine tukakuta mjusi mkavu ndani. Akavaa miwani, akarudi nyuma kurasa kumi na kitu, akajaza: "Mjusi." Kosa likiwa lake aliliandika vilevile, bila kupepesa: "Mimi. Nilisoma saba nikaandika moja." Kwa wengine aliandika majina. Marekebisho yote yaliandikwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake sahihi ya aliyekosea, kwa mkono wake huyo aliyekosea. Nilimwona siku moja akimsubiri Mwenyekiti atoke kikaoni ili atie sahihi kosa la herufi moja. Mwenyekiti alitia.

Nimekuwa nikizunguka. Basi nimfikie Mama Shija.

Mama Shija alikuwa mjane wa Sikonge ndani kabisa, mwanamke mrefu, mkimya, mikono migumu. Mumewe alikuwa anaitwa Kulwa, mwanachama wetu wa siku nyingi, na huyo mama alikuwa ameingia naye msituni kila msimu tangu aolewe. Wakati wanawake wengine wanabaki kijijini, yeye alikuwa kambini anashikilia kamba. Kulwa alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakakubali mizinga iwe ya mjane. Akachukua panga, akazunguka mti kwa mti, akakata mkato wake pembeni mwa mguu wa kuku wa mumewe. Kisha akaja masjala na barua ya wazee, akasalimiana na Mama nusu saa, na mimi nikafungua fomu ya marehemu, nikafuta jina la Kulwa, nikaandika la mkewe. Sekunde thelathini. Alinishukuru, akaondoka.

Msimu ulipokaribia, chama kilikaa kugawa kambi. Nafasi za kambi msituni hazitoshi, kwa hiyo asiye na mizinga anaachia, mwingine anaingia. Orodha ilitoka kwenye fomu zangu, na nilijivuna nayo, imepangwa vizuri kwa vijiji. Mwenyekiti akawa anasoma. Alipofika kwa Mama Shija akasoma: mizinga, hakuna. Kambi yake ikatajwa kwa mtu mwingine.

Mama Shija akasimama. Akasema ana mizinga arobaini na mbili. Pakawa na minong'ono, kisha mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba wajane wa siku hizi wanarithi hadi mizinga ya midomoni, na watu wakacheka. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Akamwambia kwa upole, "Mama, kompyuta haina undugu na mtu. Fundi, hebu mfungulie aone." Nikafungua mbele ya wote. Jina lake juu, picha yake, na chini peupe. "Hamna kitu," nikasema. Yule mzee akaongeza kuwa njia ya mwongo ni fupi. Mama Shija alibaki amesimama, akaangalia ile skrini kama mtu anayeangalia nyumba yake imehamishwa, na hakulia. Ningeona nafuu kama angelia.

Ndipo Mama Masjala akanyanyua mkono na kuomba siku tatu. "Mkimpa mtu kambi ya mwenzake leo, kesho hamtaweza kumtoa. Siku tatu, Mwenyekiti." Akapewa, kwa shingo upande.

Siku ya kwanza, kama kawaida, hakugusa. Alitazama. Kisha akasema, "Mama hana mtoto. Haya, tumtafute mtoto peke yake." Akaifungua fomu ya mizinga bila ile ya juu, mizinga yote ya chama ikamiminika, maelfu, mistari isiyo na mwisho. Akaipanga kwa kambi, kwa vidole vyake viwili, akashuka nayo polepole hadi kambi ya Mama Shija, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Arobaini na mbili. "Mtoto hajafa," akasema kimya kimya. "Kapotea kwa watu."

Kila mstari ulikuwa na jina la Kulwa, jina la marehemu na la baba yake, kama lilivyoandikwa zamani. Akalitafuta jina hilo juu, kwa wanachama. Likatoka. Kulwa mwingine, majina yote mawili sawa, mtu wa Nzega mwenye mizinga mitano na mbuzi wengi, ambaye fomu yake ilikuwa inasema ana mizinga arobaini na saba na yeye mwenyewe hajui. Nani asiyejua kwamba huku kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto? Kila kijiji kina Kulwa. Mimi mwenyewe nina mjomba Kulwa na jirani Kulwa. Nilipofuta jina la marehemu juu, mizinga yake chini ilibaki na jina la zamani, ikaita, na Kulwa wa Nzega ndiye aliyeitika.

Nilielewa yote kwa mara moja, hadi lile swali la mwezi wa tatu ambalo nilimwambia haitokei. Mama hakunigeukia. Alikuwa ameshachukua flashi, ananakili kila kitu kabla ya kugusa kimoja.

Nikasema kwa haraka, nikitaka kuzika jambo, kwamba nitabadilisha majina katika ile mistari arobaini na mbili, dakika tano, tumemaliza. Akavua miwani. "Na akiolewa tena akabadili jina? Na akifa akamwachia mwanawe Shija?" Nikaondoa mkono kwenye kipanya. "Wazee wetu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani," akasema. "Mpagazi anaugua njiani, anapokea mwingine. Anakimbia, anapokea mwingine. Mzigo ulikuwa na alama yake, ukifika unajulikana ni wa nani. Ungeulizwa jina la mpagazi ungepotea Ugogo huko." Akanyanyuka, akaishusha ile rejesta ya karatasi kutoka rafu ya juu, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, na kuifungua kwenye safu ya michoro.

Nusu ya siku ile na siku nzima ya pili tuliipa kila alama namba yake. Mguu wa kuku wenye mkato mmoja, namba. Mwezi mchanga, namba. Namba hiyo tukaiweka juu kwa mwanachama na chini kwa mizinga yake, nikaondoa jina, nikafunga fomu kwa hiyo namba. Alinizuia kufanya zote kwa pamoja. Tulijaribu kwa mzinga mmoja kwanza, tukaufunga, tukaufungua, ukaja. Kisha kumi. Kisha wote. Tukafungua fomu ya Mama Shija na chini yake ikashuka mistari, arobaini na mbili, na mimi nilishangilia kama tumefunga bao. Katika kupitia tukakuta wengine tisa ambao mizinga yao ilikuwa imezurura kwa majirani, wala hakuna aliyewahi kulalamika.

"Fomu sasa inasema arobaini na mbili," akasema Mama. "Msitu unasemaje?"

Nilidhani anatania. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa kwenye gari la chama, amejifunga khanga mbili kichwani na moja usoni, soksi juu ya suruali ya mtoto wake wa kiume, amekaa kati yangu na dereva. Mama Shija alitupokea barabarani, akatutangulia. Ndani ya msitu, chini ya mininga, mlio wa nyuki ulianza, na nikaona Mama Masjala anaikaza khanga ya usoni. Nikamwambia abaki, nitahesabu mimi. "Wewe ulishahesabu," akasema. Nilistahili.

Akapita mti kwa mti. Alisimama chini ya kila mzinga, akanyanyua kichwa, akatafuta mguu wa kuku na mkato wake, midomo ikicheza, akatia alama kwenye karatasi. Aling'atwa mara ya kwanza mkononi na hakusimama. Mara ya pili juu ya jicho. Akapiga kelele moja, akasimama akipumua, kisha akauliza, "Tulikuwa wa ishirini na sita?" Nimeona watu jasiri baadaye katika maisha yangu. Sijaona aliyenitisha kama yule mama mwenye khanga tatu, jicho linafura, anauliza tulikuwa wa ngapi.

Tulipata arobaini na moja. Wa arobaini na mbili ulikuwa chini, umepasuliwa na nyegere, umelambwa. Mimi nikasema hilo si neno, tuache arobaini na mbili, ndivyo Mama Shija alivyosema mbele za watu na ndivyo fomu inavyosema. Mama Masjala akamgeukia mjane. "Mayo, unasemaje?" Mama Shija akauangalia ule mzinga. "Arobaini na moja," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. "Huyo mnyama naye mumwandikie fomu."

Jioni ile mkutano ulikaa. Mama alisoma kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa limeziba: mizinga arobaini na moja, alama fulani, kambi fulani, imeonwa kwa macho. Kambi ikarudishwa. Mwenyekiti alisimama akamwomba Mama Shija radhi, na yule mzee wa nyuma aliambiwa naye asimame, akasimama. Kisha Mwenyekiti akauliza, kwa haki kabisa, "Sasa sababu ilikuwa nini? Kosa la nani?"

Mkataba wangu ulikuwa unafika mwisho mwezi ule. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Nakumbuka nilikuwa nimefungua mdomo, najiambia hivyo. Mama Masjala hakuniangalia. "Kosa ni la masjala," akasema.

Watu wote wakamtazama yeye. Nami nikafunga mdomo.

Mkataba wangu uliongezwa. Wa kwake, uliokuwa uongezwe baada ya kustaafu kwa sababu nani mwingine anazijua hizo rafu, haukuongezwa. Walisema umri, walisema macho, walimfanyia sherehe nzuri yenye wali na hotuba. Nilitoa hotuba pia. Mwaka uliofuata nilipata kazi upande wa Isikizya, nikaondoka, na kila mara nilipopita Tabora mjini nilikuwa na haraka ya kwenda mahali pengine.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mgonjwa hospitali ya Kitete. Mama anakaa si mbali na hapo, nami nilikuwa nimelijua hilo miaka yote. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, anafuma, sindano inakwenda yenyewe. Amepungua mwili. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Fundi wangu!" Nilikuwa nimekuja na maneno yangu njia nzima, nikataka niyatoe pale pale mlangoni. Akanikalisha. Za Isikizya? Mke hajambo? Mtoto wa kwanza ameanza shule? Mvua huko? Niliitikia yote, na nilijua anachofanya, na sikumharakisha.

Chai ikaja, na sukari. Ndani, kwenye kabati la kioo, nikaona chupa za asali zimepangwa mstari, hazijafunguliwa, kila moja ina karatasi yenye tarehe. "Mama Shija huyo," akasema. "Kila msimu. Nimemwambia siigusi. Anasema si ya kula, ni ya kuhesabu." Kambi anayo bado, mizinga imefika sitini, na Shija anakwenda naye.

Nikaweka kikombe chini. "Mama, ile siku ya mkutano..."

"Ngoja," akasema. Akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na daftari la kaunta, jalada gumu, limefungwa kwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Alikuwa ameondoka nalo. Lile jipya waliloanzisha baada yake, alisema, halina hata safu. Akalifungua bila kutafuta, akaniwekea magotini.

Mwandiko wake. Tarehe ya siku ile. Kilichoonekana: "Mjane hana mizinga kwenye fomu." Kilichoguswa: "Kiungo cha fomu ya juu na ya chini. Kutoka jina kwenda namba ya alama. Imehakikiwa msituni." Safu ya nne ilikuwa nyeupe. Kabla yake na baada yake kila mstari ulikuwa umejazwa, mjusi, umeme, mimi, mimi, fulani. Huo mmoja tu ulikuwa wazi.

"Lakini ulisema ni masjala," nikasema.

"Nilisema. Ya mkutanoni yanaisha mkutanoni." Akakaa, akaokota sindano yake. "Kuandika sikuandika. Huwa sijazi nisichokijua."

"Mama, ulikuwa unajua."

"Nilijua kilichoharibika. Sikujua kama mwenyewe atakubali." Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kalamu nyekundu.

Nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno, nilikuwa nayo mengi. Sikuona pa kuyaweka. Nikaandika: "Mimi. Niliondoa alama nikafunga fomu kwa jina. Mama aliniuliza, nikacheka. Mkutanoni nikanyamaza." Herufi zilinitoka za mtoto wa darasa la pili. Chini yake nikatia sahihi yangu.

Akalichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma midomo ikicheza vilevile kama chini ya ile mininga. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akanirudishia.

"Hujaweka tarehe."

Nikauliza niweke ipi, ya siku ile au ya leo.

"Ya leo," akasema. "Siku ile ulikuwepo, hukusema."

Nikaandika ya leo.